Acheni "anajikuta"

"Ni filamu inayomhusu binti wa kijijini anayejikuta katika wakati mgumu kutokana na changamoto za maisha, yenye mafunzo mengi kwa jamii."

Jamani. Sentensi hii, au pacha wake, imekaa juu ya skripti nyingi mno zinazoandikwa hapa Dodoma, na inauma kwa sababu chini yake mara nyingi kuna hadithi nzuri. Fungua ukurasa wa 10 utakuta ugomvi wa kisima Bahi, utakuta ndugu wawili wanauziana kiwanja cha marehemu baba yao Nkuhungu. Lakini prodyuza hafiki ukurasa wa 10. Anasoma loglaini, yaani hiyo sentensi moja inayoeleza filamu nzima, anaiweka pembeni, anachukua skripti inayofuata.

Kosa kubwa liko kwenye kitenzi. Mtu "aliyejikuta" hajafanya kitu. Mambo yamemkuta amekaa. "Anapitia", "anakumbana na", "anakabiliwa na" ni ndugu wa tumbo moja na hilo. Loglaini husimama juu ya mtu anayetaka kitu kinachoonekana kwa macho, na anayefanya jambo ili akipate, huku mwingine akimzuia. Kamera haiwezi kupiga picha "changamoto". Inaweza kumpiga mtu akivunja kufuli, akimwaga tenga la zabibu barabarani, akichana hati ya shamba.

Tuchukue hizo zabibu. Dodoma tunazivuna mara 2 kwa mwaka, na zikishakatwa hazimsubiri mtu. Juani, bila chumba cha baridi, siku chache tu zinaanza kuharibika. Mwandishi wa hapa amepewa bure kitu ambacho wengine hulazimika kukibuni: muda unaokwisha. Halafu anaandika hivi:

"Mjane mkulima wa zabibu anakabiliwa na changamoto ya soko."

Nani anamzuia? Soko halina uso, halina sababu, haliwezi kusema uongo. Mpe mpinzani mtu: shemeji yake, dalali, anayelitaka shamba la kaka yake. Sasa kuna nia mbili zinazogongana. Kisha mpe mjane kasoro, na hapa wengi huokota sifa yoyote tu: "mpole", "mcha Mungu", "mrembo". Kasoro huchaguliwa kwa kuangalia kazi iliyo mbele yake. Kama njia pekee ya kuokoa mavuno ni kuwasimamia wakulima wenzake na kuwashawishi, basi awe mtu anayeogopa kuongea mbele za watu. Mjane msemaji angemaliza filamu kwa dakika 10. Mwisho taja atakachopoteza akishindwa, na muda alionao:

"Mjane anayeogopa kuongea hadharani anapogundua kuwa shemeji yake amewazuia madalali kununua zabibu zake, anawakusanya wakulima wa Hombolo wakodi lori lao kabla mavuno hayajaoza na shamba halijachukuliwa kwa deni."

Maneno 28. Miongozo ya Kiingereza huruhusu 25 hadi 35 hivi, lakini sisi tusijipimie kwa kipimo hicho. Neno letu moja, "amewazuia", limebeba mtenda, wakati, watendwa na tendo lenyewe. Ukifika maneno 35 ya Kiswahili umeshaanza kuandika muhtasari. Lenga kati ya 20 na 30.

Tena lugha yetu imetutengenezea viungo vya kazi hii, na inasikitisha kuona tunaviacha. Kiambishi "-po-" cha "anapogundua" kinabeba tukio linaloianzisha hadithi bila kuhitaji sentensi ya pili. "Kabla hayajaoza" inabeba muda na hasara kwa pamoja. "Ili" inaleta lengo. "La sivyo" inaleta adhabu, ingawa ukiwa na "kabla" nzuri huihitaji.

Ila kuna mtego mmoja ambao miongozo ya Kiingereza haitakuonya, kwa kuwa wao wana "he" na "she". Soma hii: "Anamfuata na kumtaka amrudishie mtoto wake kabla hajamshtaki." Nani anamfuata nani? Mtoto wa nani? Nani atashtakiwa? Kwetu binadamu wote wanaingia kwenye "a-" na "m-", mwanamke kwa mwanamume, shujaa kwa adui. Mwandishi haoni tatizo kwa sababu wahusika wote anao kichwani. Msomaji anabaki anahesabu vidole. Dawa ni mbili. Ya kwanza, rudia jina la nafasi: mjane, shemeji, askari, dalali. Kurudia neno si dhambi hapa. Ya pili, pale hadithi inaporuhusu, mweke mpinzani kwenye ngeli nyingine: benki, kijiji, ukoo. "Ukoo unapomnyang'anya mjane mtoto wake, mjane anaushtaki" haimchanganyi mtu.

Majina ya wahusika toa. "Neema" hatuambii lolote, "muuguzi aliyefukuzwa kazi" inatuambia. Akiwa mtu wa historia, kama Mtemi Mazengo wa Mvumi, mtaje. Usimalizie kwa swali la "Je, atafanikiwa?" Usiandike "ya kusisimua", hiyo ni hukumu ya mtazamaji. Maneno ya kwenye bango ("Damu nzito kuliko maji...") ni kazi nyingine kabisa, yapelekwe kwenye bango.

Kuhusu mahali: ukiweza kufuta Hombolo ukaandika Moshi na hakuna kinachobadilika, mahali hapo ni pambo. Mkoa huu una Kongwa, ambako Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947 na kuuacha 1951, baada ya ardhi ngumu kuharibu mitambo na mvua kugoma. Nani ameandika dereva wa trekta aliyejua mapema kuwa mvua haitatosha, na bosi asiyetaka kusikia? Hiyo ni loglaini nusu tayari, imelala barabarani tunaikanyaga tukienda Dar.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo filamu zisizokaa kwenye sentensi moja: zenye wahusika 6 wenye uzito sawa, au zinazokwenda kwa hali ya moyo kuliko kwa matukio. Hata hizo zina kitu kinachowafunga watu pamoja, msiba mmoja, basi moja, nyumba moja ya kupanga. Kifanye hicho kiwe mhusika wako. Na hayo mafunzo kwa jamii siyapingi. Yanapatikana kwenye uamuzi wa mjane akiwa na lori lililojaa na shemeji amesimama mbele yake, wala hayahitaji kutangazwa mlangoni.

Andika loglaini kabla ya skripti, kisha iandike upya kila rasimu inapokwisha, maana hadithi huhama na sentensi hubaki nyuma. Halafu mtamkie mtu asiyejua lolote, pale stendi mnaposubiri gari la Kondoa, mara moja tu, bila maelezo ya ziada. Akiuliza "ya nani hiyo?" au "kwa hiyo inahusu nini?", rudi kwenye sentensi. Akiuliza "ikawaje?", sentensi yako ni nzima.

Swali la kuogopa kidogo ni lile linaloanza na "kwa nini asi-": kwa nini asipeleke zabibu kiwanda cha mvinyo mwenyewe? Hapo sentensi haina hatia, usiikarabati. Skripti ndiyo yenye tundu, na jibu linatakiwa kuonekana kwenye kurasa 15 za mwanzo: labda kiwanda kinapokea kupitia kikundi tu, na daftari la kikundi liko chini ya kwapa la shemeji.