Kazi ngumu ni kurudi Kibandamaiti

Ami yangu alikuwa akipita na dumu lake la mafuta ya taa mbele ya duka la jirani, haangalii kulia wala kushoto, anakwenda kununua duka la mbali, mwendo wa karibu nusu saa kwa miguu. Jirani mafuta alikuwa nayo. Ila jirani alikuwa CCM, chama tawala, na ami alikuwa CUF, chama cha upinzani, na hiki ni kijiji cha Pemba, si mbali na Wete, miaka ile baada ya uchaguzi wa 1995.

Asiyeishi huku atasema natia chumvi. Watu hawakuzikana. Harusi ilikuwa na watu wa kualikwa na watu wa kutoalikwa, na zipo ndoa zilizovunjika kwa kadi ya chama. Kwenye urais wa Zanzibar Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Kura 1,565 tu zilizowatenganisha, basi kila mmoja akamuona jirani yake ndiye aliyemuibia.

Wakubwa walijaribu kutupatanisha. Muafaka wa kwanza, 1999, ulisimamiwa na Jumuiya ya Madola. Ukafa. Januari 2001 polisi wakawapiga risasi waandamanaji, wakafa zaidi ya watu 30, na wengine kama elfu mbili wakapanda vyombo kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka huohuo vyama vikatia saini muafaka wa pili. Nao ukachechemea. Mazungumzo ya tatu yalikwama Machi 2008, pale kikao cha CCM cha Butiama kiliposema lazima kwanza wananchi waulizwe kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya pamoja.

Halafu, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu ya Zanzibar. Hakukuwa na mgeni wa kuwasuluhisha. Picha yao imeonekana mno, sina haja ya kuieleza. Mimi nakumbuka zaidi yaliyotokea siku mbili baadaye, Maalim aliposimama Kibandamaiti, uwanja wa mikutano ya hadhara mjini Unguja, mbele ya wafuasi wake na kuwaambia kwamba sasa CUF inamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar.

Watu walikasirika. Hawa walikuwa wamekula virungu kwa ajili ya kauli iliyo kinyume cha ile, wengine wamezika ndugu zao. Zilipigwa kelele za kukataa. Na yeye, mtu ambaye neno lake Pemba lilikuwa kama sheria, alizisikia kelele hizo kutoka kwa watu wake mwenyewe na hakurudi nyuma.

Kwangu mimi kiongozi anapimwa hapo. Kukaa na hasimu hakuna tabu kubwa: kuna viti, kuna kahawa, kuna mpiga picha, na nyote mmezoea siasa. Tabu ni kurudi kwa mtu uliyemfundisha kuchukia kwa miaka kumi na minne ukamwambia basi. Karume naye alikuwa na mzigo wake ndani ya CCM, maana wapo walioona amewauza, kimyakimya na si kimyakimya. Kwenye kura ya maoni ya 31 Julai 2010 asilimia 66.4 walisema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Maana yake thuluthi nzima ilisema hapana.

Wanaodai maridhiano ni wakubwa kugawana vyeo na magari nawaelewa. Ni kweli vyeo viligawanywa. Lakini wakati ule wa maridhiano mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, na jioni moja ami alinipa dumu akasema, "Kanunue hapo." Hapo, kwa jirani. Sikuamini, nikasimama. "We mtoto hukusikia?" Nikaenda. Mwenye duka akachota mafuta, akapokea pesa, akanipa chenji, kisha akauliza, "Mgongo wa ami yako vipi, umepoa?" Yaani miaka yote ile alikuwa anajua kwamba ami anaumwa mgongo.

Uchaguzi wa Oktoba 2010 Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, Maalim 49.1. Visiwa vimegawika vilevile, safari hii bila damu, na Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Ila kuna kitu hawakukigusa ipasavyo: nani anahesabu kura na nani anatangaza. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi mzima, na baadhi ya makamishna wake walisema hawakushirikishwa. Dk. Shein na Maalim walikutana tena Ikulu, pamoja na marais wastaafu, kikao baada ya kikao, na sisi huku tukilishwa uvumi. Hakuna aliyetoka kuwaambia watu wake jambo zito. Vikao vikavunjika, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, Dk. Shein akapewa asilimia 91.4, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu hadi mwisho wa muhula.

Baada ya uchaguzi wa 2020, nao ukiwa na maiti wake Pemba, Maalim, sasa akiwa chama cha ACT-Wazalendo, aliingia tena serikalini chini ya Rais Dk. Hussein Mwinyi wa CCM. Wengi walimnung'unikia, hata nami nilinung'unika. Miezi miwili na siku kadhaa baadaye tukamzika Mtambwe, Pemba.

Siku hizi neno maridhiano liko kila jukwaa, Bara na Visiwani. Rais Samia ameliweka kwenye zile R nne zake, nguzo za falsafa yake ya uongozi. Nikisikia viongozi wamekutana huwa siulizi walikubaliana nini. Nauliza nani kati yao ameshakwenda Kibandamaiti yake, na je, amewaambia watu wake kwamba safari ijayo kura zikihesabiwa na kusema wameshindwa, wameshindwa?

Ami hakuwahi kumsikia kiongozi akisema hivyo. Alifariki 2018. Jirani alifunga duka, akaja kupokea jeneza.