Niacheni na Vigae Vyangu

Mama mkwe wangu yupo kwenye treni. Sio ile treni ya zamani jamani, ingekuwa ile ningekuwa na siku nzima ya kujipanga, ni hii ya umeme, 13,000 tu mtu anapanda Morogoro, hajamaliza kufungua pakiti ya karanga kashafika Dar. Zamani mama mkwe akikasirika anapanda basi, foleni ya Kibaha inampunguza, Kimara inampunguza, mpaka anashuka Ubungo hasira imebaki robo na anachotaka ni maji ya baridi tu. Tangu 2024 hasira inafika ya moto vilevile kama ilivyoepuliwa. Maendeleo haya wakati mwingine yanatuumiza wenye ndoa.

Na kosa langu ni moja tu. Nimekataa kupandishwa cheo.

Subirini kwanza, msianze kunitukana na nyie, nina watu wa kutosha wa kazi hiyo.

Mi nilikuwa afisa mikopo miaka minne, kampuni siitaji, bado wana namba yangu. Ukisikia afisa mikopo unafikiria mtu wa tai yupo kwenye kiyoyozi, tai nilikuwa nayo kweli ila ofisi ilikuwa pikipiki na kiyoyozi ni upepo wa Mbagala. Siku ya kutoa mkopo wanakuita mwanangu, siku ya marejesho wanakuita yule. Nilijua milango ya nyuma ya nyumba zote kuanzia Rangi Tatu mpaka Chamazi maana nikigonga wa mbele mteja anatokea wa nyuma. Katoto ka miaka minne kanatumwa kuja kunidanganya, kanasema "mama kasema kasafiri, atarudi ukishaondoka." Kuna mmama alinisevu "Usipokee 3", nilijua kwa sababu nilimpigia simu ikawa kwa shoga yake, ikalia mbele yangu. Mpaka leo huwa najiuliza hao 1 na 2 ni akina nani na walifanya nini kunizidi.

Usiku ndo kabisa. Saa sita kasoro bosi anatupia kwenye grupu "Wapambanaji, PAR imepanda halafu nyie mmelala?" (PAR ndo kipimo cha mikopo iliyochelewa kurejeshwa) na watu wazima wenye wake na watoto wanajibu noted bosi, noted bosi, mmoja baada ya mwingine kama vyura vya masika. Ukichelewa kunoti, kesho kikao cha saa moja unasimama mbele za watu ueleze kwa nini ulikuwa umelala usiku. Nikapata vidonda vya tumbo. Daktari akaniambia punguza mawazo, nikamuuliza niyapunguzie wapi, akanipa dawa ya kutafuna ina ladha ya chaki.

Sasa kuna siku nimetumwa mjini kupeleka faili, jua linawaka, bosi anapiga simu kila dakika tano, nikaona ngoja nijifiche Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert. Nikakutana na Zinjanthropus, lile fuvu aliloliona Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Wanasema lina miaka kama milioni 1.75. Nikamwangalia, na yeye akaniangalia, meno makubwa ya kutafuna mpaka kokwa, hana simu, hana target, hakuna anayemuuliza wiki hii umeingiza shilingi ngapi. Pembeni mlinzi kakaa kwenye kiti cha plastiki anapiga miayo, saa tano asubuhi, mshahara unasoma. Nikasema moyoni, ase, watu wanaishi.

Basi nikaanza kutafuta kazi ya kukaa. Hapa mjini ukisema unatafuta kazi watu wanakuonea huruma, ukisema unatafuta kazi isiyo na presha wanakuona umeanza kuchanganyikiwa. Mjomba akaniambia kazi isiyo na presha ni urithi, sasa baba yako alikuachia nini zaidi ya jina. Rafiki yangu mmoja akanishauri nifuge kuku wa nyama, wiki sita unauza. Kwenye karatasi kuku mia mbili hawajawahi kufa hata mmoja, ila wale wa kwangu mlango ukibamizwa tu wawili wanaanguka kwa mshtuko, nikajikuta natembea kwa ncha za vidole kwenye nyumba ninayolipia kodi, watoto wamekatazwa kupiga chafya. Nilimaliza na kuku thelathini na moja na deni la chakula cha kuku. Nikafikiria ulinzi wa usiku, nikasoma na sheria kabisa, kazi ya kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi unaongezewa asilimia 5 ya mshahara kwa hizo saa, nikapiga hesabu nikaona hiyo ni hela ya dawa ya mbu na chenji ya andazi moja.

Halafu Mungu si Athumani, nikapata godauni.

Godauni la vigae, Vingunguti, barabara ya Pugu, najua siku hizi inaitwa Nyerere lakini konda ukimwambia Nyerere anakuangalia tu. Mimi ndo mtunza stoo. Mshahara 420,000 ila kabla haujanifikia lazima uamkie wakubwa: NSSF 42,000, TRA 8,640, halafu Bodi ya Mikopo asilimia 15, yaani 63,000, maana digrii yangu nayo ni ya mkopo. Fikiria, miaka minne nakimbiza watu walipe kumbe na mimi kuna mtu ananidai, tofauti ni kwamba mimi sikuwekewa mlango wa nyuma. Inabaki 306,360. Kule zamani mwezi mzuri na kamisheni nilikuwa nagusa laki saba lakini nusu ilikuwa ya petroli na duka la dawa.

Jamani, vigae ni watu wazuri sana kufanya nao kazi. Havikopi. Havifi kwa mshtuko. Havina tarehe ya kuisha muda. Mwizi akija kubeba boksi tatu tutamkuta hapohapo getini kalala na kiuno chake. Kenta inakuja mara mbili au tatu kwa siku, naangalia karatasi, nahesabu maboksi, naandika kwenye leja, tandiboi anasaini, kwaherini. Katikati ya hapo ni kimya, nasikia ndege tu zinapita juu ya bati kwenda kutua, mpaka nimeshazijua, ile ya saa nane mchana ikipita bado sijamaliza kula nashtuka. Saa saba natoka naenda kule kwenye machinjio kupiga supu ya mbuzi na ndimu. Saa kumi na moja nafunga kufuli, na nikifunga kufuli kazi inabaki ndani, haijawahi kunifuata hata siku moja, kigae hakijawahi kunitumia meseji saa sita kasoro usiku.

Tumbo likanyamaza. Nikanenepa. Nikaanza kupiga mluzi.

Huo mluzi ndo ulioniponza. Mi nakaa Kiwalani, natembea kwa miguu dakika ishirini nipo nyumbani, jua bado lipo. Wiki ya kwanza jirani ananiuliza kwa sauti ya msibani, "baba Nasra, wamepunguza watu kazini?" Wiki ya pili Mama Nasra akaanza kunusa mashati. Mwanaume anatoka kazini anacheka cheka, ana hamu ya kuongea, anauliza watoto wamesoma nini leo, lazima kuna mwanamke. Hapa kwetu kazi inaheshimiwa kwa jinsi ilivyokuchakaza, mtu akirudi amekunja sura, kavua viatu mlangoni na kutupa "nimechoka" basi huyo ndo kidume, anaandaliwa chakula na watoto wanaambiwa wanyamaze baba katoka kazini.

Nikaamua kuchoka.

Nikifika kona ya duka la Mangi naacha mluzi, nalegeza mabega, nachomoa shati, nakohoa kidogo. Siku nyingine najipaka vumbi la vigae kwenye nyusi kabla ya kutoka godauni. Nikiingia ndani naguna tu, nikiulizwa kitu nasema "we acha." Mama Nasra roho ikamtulia kabisa, akawa ananiwekea maji ya moto na chumvi kwenye beseni niloweke miguu. Miguu iliyokaa siku nzima! Imelowekwa miezi mpaka imekuwa laini kama ya kichanga, na anayeniletea beseni ni mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri, kakanda unga, kasimama kwenye moto anachoma chapati mpaka saa nne, kafua, kapika, na bado ananiuliza mimi "pole baba Nasra, maji hayajapoa?" Najua, najua, hilo nina mazungumzo yangu na Mungu, msiniingilie.

Mambo yangeenda hivyohivyo mpaka nistaafu, kilichoharibu ni likizo.

Kule kwenye mikopo nilipouliza likizo waliniambia likizo ni ya walimu. Hapa nimefikisha mwaka nikaambiwa siku zako 28 hizi hapa, mshahara upo palepale, ni sheria ya tangu 2004. Nikafurahi kama mjinga. Siku ya kwanza, saa kumi alfajiri, giza totoro, nasikia naguswa bega. "Baba Nasra, si upo tu?"

Hayo maneno mawili, "upo tu", mwanaume ukiyasikia kimbia hata kama hujavaa. Nilikanda unga kilo tano mpaka vidole vikasahau kukunjuka. Nikawasha mkaa, moshi wote macho yangu yakaumaliza. Halafu nikapewa ndoo la chapati nipeleke kijiweni kwa bodaboda, na bodaboda hawalipi jamani, wanakula wanasema jioni. Jioni naenda kudai, mmoja akaniona kwa mbali akawasha pikipiki akaondoka bila abiria, mwingine akamtuma mwenzake aniambie kasafiri. Hapo nikasimama katikati ya barabara na daftari mkononi, nikaona kabisa kwamba nimerudi kuwa afisa mikopo, safari hii wa chapati, na bila pikipiki.

Siku ya kumi na mbili nikarudi kazini. Nilimwambia mke wangu wameniita kuna dharura. Ya vigae.

Mzee mwenye kampuni akanikuta nimekaa pale kwenye maboksi saa mbili kasoro, nimefumba macho kwa raha. Akasimama akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Kijana, tangu nianze kuajiri watu sijaona mtu anakatisha likizo yake mwenyewe. Wewe una uchungu na kazi." Ningemwambia nini? Kwamba nimekimbia unga? Nikainamisha kichwa, na yeye akaona ni unyenyekevu.

Kesho yake ananiita ofisini. Msimamizi wa mauzo, Dar na Pwani yote, mshahara laki tisa, gari, na target ya kila mwezi. Aliposema target tumbo likaguna, lile tumbo ambalo lilikuwa kimya karibu mwaka mzima, mpaka yeye akadhani sijanywa chai. Akamalizia, "na leo leo tutakuadi kwenye grupu."

Nikaandika barua ya kukataa, kwa adabu zote. Akaisoma, akacheka, akanipiga bega akasema "wewe kumbe unajua kujiuza, ndo maana nakutaka kwenye mauzo", akaongeza laki mbili. Nikaandika ya pili, nimeifikiria usiku kucha, nimeandika kabisa kwamba nashukuru lakini naomba nibaki nilipo kwa kuwa nina furaha. Nikaikunja nikaitia mfuko wa suruali niipeleke Jumatatu.

Jumamosi Mama Nasra kafua.

Nimekaa zangu sebuleni, naona anakuja na karatasi mkononi, mikono ina povu, hajapaza sauti hata kidogo na hiyo ndo mbaya. "Baba Nasra. Hapa umeandika una furaha?" Aliuliza kama mtu aliyekuta picha ya mwanamke. Nikasema ni lugha tu ya kiofisi. Akasoma tena mpaka mwisho, pale kwenye milioni moja na laki moja alirudia mara mbili. Akaniangalia usoni, akashuka taratibu mpaka chini.

"Sasa hii miguu nimekuwa nailoweka ya nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa hivi sina. Akampigia mjomba, mjomba akacheka kwanza halafu akakumbuka ni mkubwa akaanza kunisema. Akampigia mama yake Morogoro. Jirani hakupigiwa ila alikuwa ameshasikia, kanipita leo asubuhi anatikisa kichwa, "kumbe hawakupunguza mtu."

Ndo naandika haya nimekaa juu ya boksi la vigae vya choo, sentimita arobaini kwa arobaini, rangi ya maziwa, hakuna kenta, kimya kabisa, siku nzuri kuliko zote mwezi huu na siwezi kuifaidi. Mzee anataka jibu kabla ya saa tisa. Ndege ya saa nane imeshapita.

Simu hiyo. Mama mkwe. "Baba Nasra, nimeshukia Pugu, nyumbani sipiti, nielekeze hilo godauni nije nione hiyo kazi yenyewe inavyokuua."

Kutoka Pugu hapa kwa bodaboda sio mbali. Nimevua shati, nimejipaka vumbi kwenye nyusi, naanza kuhamisha vigae vya jikoni kupeleka upande wa vigae vya choo, boksi mojamoja, angalau akiingia anikute natoka jasho.