Kiti Sikukiomba

Kabla jirani yangu hajaongeza chumvi nyingine kwenye kisa ambacho ameshakieneza mtaa wetu wote wa South C, Nairobi, naomba niseme mwenyewe kwamba sikujifanya mjamzito ili nipate kiti. Kiti nilipewa.

Mnaonifuata hapa mnamjua binti yangu, yule wa Gredi ya 3 ambaye akili yake inachemka na mdomo wake haujui likizo. Mwalimu amemhamisha kutoka dawati hadi dawati, mwishowe akamketisha kando ya mvulana aliyekuwa mkimya kuliko wote, na sasa mvulana huyo naye anasimulia. Akikosa wa kuzungumza naye, hugeukia dirisha akatazama ndege ndogo zinazoshuka uwanja wa ndege wa Wilson, na somo la Hisabati humpita akiwaza kama miraa inayosafirishwa kwa ndege hufungwa mkanda. Ripoti yake inasema kwamba katika kusikiliza na kuzungumza amezidi matarajio. Waliounganisha mambo hayo mawili katika mada moja hawajawahi kuishi naye.

Basi Ijumaa tuliitwa mkutano wa wazazi. Nilichelewa, kwa maana Barabara ya Mombasa mnaijua, nikaingia na dera langu pana na kuwakuta wazazi wamebanana kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia masikio. Nikasimama ukutani. Mwalimu alikatiza maelezo yake, akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa, akasema, "Jamani, mama asisimame katika hali yake."

Hali yangu? Nilidhani anazungumzia jasho.

Baba mmoja aliinuka, mwingine akavuta kiti cha mwalimu chenye mto, na njia ikafunguka katikati ya darasa kana kwamba bibi harusi anapita. Nikapita. Nikaketi. Nikashukuru. Hapo ndipo nyanya mmoja aliyekuwa kando yangu alipoweka kiganja juu ya tumbo langu, akafumba macho, akalipapasa taratibu kutoka kulia hadi kushoto, huku darasa zima limenyamaza likisubiri matokeo. "Ameketi juu," akatangaza. "Ni mvulana, mwanangu." Wazazi wakapiga makofi. Nami tumboni nilikuwa na chapati na ndengu za mchana, ambazo zilichagua dakika hiyo hiyo kunguruma.

"Anacheza!" akasema nyanya.

Ninyi mnaouliza kwa nini sikukanusha papo hapo, hebu niambieni mngeanzia wapi, mkono wa mtu mzima ukiwa bado juu ya tumbo lenu na makofi hayajaisha. Kila sentensi niliyoitunga kichwani ilimfanya nyanya aonekane mwongo, au ililitaka tumbo langu lijieleze mbele ya umma, na kusema kweli halikuwa na utetezi.

Mkutano ulipokwisha, mwalimu alinieleza kwamba siku moja alimuuliza binti yangu kwa nini anatazama dirishani badala ya kuandika, naye akamjibu kwa upole kwamba anamfikiria mtoto anayekuja nyumbani. Mwalimu aliguswa, akaacha kumkemea. Mtoto anayekuja ni binamu yake kutoka Kitui, mwenye umri wa miaka 11, anayekuja kwetu likizo ya Agosti. Binti yangu hakusema uongo hata kidogo. Alisema nusu tu, jambo ambalo kwake ni la ajabu, na darasa likajazia lililobaki.

Nilimsahihisha mwalimu, tukacheka kidogo, nikatoka haraka. Jirani yangu alikuwa ameshafika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mume wangu amepokea pongezi kazini na bado hajaniuliza swali lolote, ukimya ambao unanitisha kuliko swali lenyewe. Nyanya sijampata nimweleze, ila Jumatatu alimtuma mjukuu wake kwa binti yangu, ambaye kwa mara ya kwanza amefikisha ujumbe neno kwa neno bila kupotea njiani: uji wa wimbi uko tayari, nipeleke chombo.