Stroberi Ni ya Kula, Biashara Ni Miche

Mara ya kwanza nilipanda stroberi Tabata, Dar es Salaam, kwenye ndoo nne nilizozipanga kibarazani. Miche ilikuwa kumi, kila mmoja shilingi 1,500, na aliyeniuzia aliniapia kwamba baada ya miezi miwili nitakuwa nachuma kila asubuhi. Majani nilipata. Majani mazuri, yenye meno pembeni kama msumeno, mpaka wageni wakawa wananiuliza ni dawa ya nini. Tunda nilipata moja, dogo kama punje ya hindi, na kabla hatujakubaliana nyumbani nani alile, kunguru alishakata shauri.

Nilijilaumu mwezi mzima. Nikabadilisha udongo, nikaongeza samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Kumbe tatizo lilikuwa joto. Stroberi nyingi tunazouziwa ni za aina zinazotaka ubaridi ndipo ziweke maua, hasa ubaridi wa usiku. Sasa Dar mwezi wa pili sisi wenyewe tunalala na feni, mmea uliofungiwa kwenye ndoo ya plastiki utapata wapi ubaridi? Unakaa hai, unatoa majani, unarusha marando, yaani vijitawi vinavyotambaa, basi. Ndiyo maana stroberi za maana utazisikia Lushoto, Njombe, Mbeya, na kwa wenzetu wa Kenya huko Limuru. Muuzaji wangu alilijua hilo, nina hakika, kwa sababu miche yenyewe aliniambia imeshuka kutoka milimani.

Na huyo alikuwa afadhali. Kuna wanaouza mtandaoni mbegu za stroberi za bluu, kwenye pakiti yenye picha ya tunda la rangi ya kalamu ya Biki. Stroberi ya bluu haipo. Hata ile pakiti ya mbegu za nyekundu, ukibahatika zikaota, haikupi tunda lile uliloliona pichani, maana stroberi ya kisasa ni chotara na mbegu zake hazifuati mzazi. Anayetaka mmea uleule huchukua rando la mama lililotoa mizizi.

Mwaka 2019 kazi ikanihamishia Lushoto, na nikapata nyumba yenye kipande cha bustani nyuma, si kikubwa, kama chumba cha kulala. Nikanunua miche sita tu ya Chandler, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California miaka ya themanini na ambayo imeenea sana kwenye miinuko yetu. Nikachimba vishimo, nikaiingiza, nikashindilia udongo vizuri mpaka shingoni kama nilivyozoea kwa nyanya. Jirani yangu, mama wa makamo ninayemwita shangazi, akaja akasimama kwenye uzio.

"Mwanangu, hiyo umeipanda au umeizika?"

Stroberi ina moyo. Pale majani yanapokutana na mizizi pana kifundo kifupi, na humo ndimo linamochipukia kila jani na kila ua. Ukikifunika na udongo kinaoza. Ukikiacha juu mno, mizizi inakauka. Kinatakiwa kikae sawasawa na uso wa ardhi, usawa wa kukipapasa kwa kidole gumba bila kufukua. Shangazi aling'oa yote sita, akairudisha mwenyewe, akaweka nyasi kavu kuzunguka kila mche, akaondoka bila hata kunawa. Sijapata somo la kilimo lililo fupi kuliko hilo, wala lenye faida kuliko hilo.

Zile nyasi, matandazo kama mabwana shamba wanavyoziita, kazi yake si unyevu peke yake. Tunda la stroberi hulala chini. Likilala kwenye udongo uliolowa, siku mbili utalikuta limeota manyoya ya ukungu wa kijivu, na wakati wa masika ukungu huo huruka tunda hadi tunda. Kwa hiyo mwagilia shinani, siyo juu ya majani, acha nafasi ya sentimita 30 hivi kati ya mche na mche ili hewa ipite, na lililooza litoe bustanini siku hiyohiyo. Konokono utawaokota kwa mkono usiku na tochi. Utitiri mwekundu huja kiangazi, utauona kwa utando mwembamba chini ya jani. Hayo mengine utajifunza njiani.

Kinachonifurahisha mimi ni ua. Zile chembe ndogo unazoziona juu ya stroberi, tunazoziita mbegu, kibotania kila moja ni tunda kamili, na ile nyama nyekundu tunayoila ni kitako cha ua kilichovimba. Kila chembe lazima ifikiwe na chavua ndipo nyama iliyo chini yake ivimbe. Nyuki akipita upande mmoja tu, unapata tunda lililopinda, limejaa huku na kusinyaa kule. Tangu nijue hilo nimeacha kabisa kupulizia dawa maua yakiwa yamefunguka.

Tunda lenyewe ni mtoto wa bustani. Mwaka 1714 Mfaransa mmoja, Amédée-François Frézier, alirudi kwao kutoka Chile na mimea ya stroberi kubwa, lakini ilikuwa majike matupu, ikawa haizai. Ilikuja kuzaa ilipopandwa jirani na stroberi ndogo ya Amerika Kaskazini, na kwenye bustani hizo ndimo alimotokea huyu chotara tunayemla leo.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Kila wiki naona tangazo: robo eka ya stroberi, milioni kadhaa kwa mwezi, piga simu upate miche. Sikatai, wapo wanaolima stroberi wakauza, wana mabomba ya matone, wana majokofu, wana mkataba na hoteli. Lakini mtu wa mshahara anayeambiwa anunue miche 500 kwa kuanzia anapaswa kuelezwa tunda hili lilivyo. Halina ganda. Likiminywa linatoa maji. Halifanani na ndizi wala parachichi, kwamba ulichume bichi likaivie sokoni. Ulivyolichuma ndivyo litakavyobaki, utamu hauongezeki tena. Kwa hiyo unachuma jekundu, na jekundu lina siku chache tu. Kutoka hapa hadi Mombo ni kona tupu, halafu ndiyo uanze barabara kuu ya Dar. Niliwahi kumtumia dada yangu kilo mbili kwa basi. Alinipigia kunishukuru kwa jemu.

Miche je? Miche haiozi njiani. Mche mmoja uliokubali hurusha marando kama kiazi kitamu, na kifundo cha rando kinapogusa udongo huweza kuwa mche mpya. Ile sita yangu, mwaka ulipokwisha, nilikuwa na zaidi ya sabini, na sikutoa hata senti. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule wa Dar alikuwa anatabasamu vile. Mali yake inajizaa yenyewe, na anayebeba hasara ya tunda ni mnunuzi.

Basi ukiwa sehemu ya baridi, nunua mitano au sita. Kata maua ya kwanza ingawa roho itakuuma, mmea ushike mizizi kwanza. Rando nazo kata nyingi, kwa sababu mche unaohangaika na watoto hauna nguvu ya kulea matunda. Bakiza chache za kurithi pale mama atakapochoka, mwaka wa tatu hivi. Na marando ya ziada wape majirani.

Mimi zangu nilimpa shangazi, naye akazipanda upande wake wa uzio, wanakopita wajukuu wake wakitoka shule. Tangu hapo mavuno yangu yamepungua. Nilidhani ni ndege, shore, nikatandaza wavu. Juzi nimekuta vikonyo saba vya kijani vimepangwa mstari juu ya ukuta, kwa ukubwa, kuanzia mdogo. Shore hapangi.