Klaeber na Beowulf: mhariri aliyeushika utenzi kwa miaka mingi

Friedrich Klaeber alizaliwa Prussia mwaka 1863, akasoma Berlin kwa profesa Julius Zupitza, na mwaka 1893 akavuka bahari kwenda kufundisha filolojia ya Kiingereza, yaani uchunguzi wa lugha na maandishi yake ya kale, katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Alikaa huko hadi 1931. Mjerumani kuwafundisha Wamarekani Kiingereza cha kale halikuwa jambo geni enzi zile, kwa kuwa vyuo vya Ujerumani ndivyo vilivyoongoza taaluma hiyo.

Anakumbukwa zaidi kwa toleo lake la mwaka 1922 la Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale kuhusu shujaa wa jina hilo. Utenzi huo wa mishororo 3182 umetufikia kwa mswada mmoja tu, ulionakiliwa karibu na mwaka 1000 na kuunguzwa kingo na moto wa London mwaka 1731. Anayeuchapa hana budi kuamua herufi zilizopotea zilikuwa zipi. Klaeber aliamua, akaeleza sababu, akaongeza faharasa nene ya msamiati, na vizazi vya wanafunzi vikaujua utenzi kupitia kwake.

Lawama inaanzia hapo. Mhariri mmoja akitawala madarasa muda mrefu, maamuzi yake huanza kusomwa kama maneno ya mtunzi. Tazama mshororo wa sita, mfalme Scyld anaposifiwa kwa kutia watu hofu. Mswada una "eorl", shujaa mmoja. Klaeber akaongeza herufi mbili, wakawa mashujaa wengi. Wapo wataalamu wanaodhani linalotajwa hapo ni Waheruli, kabila la kale la Kijerumani, na hilo likikubaliwa, beti za ufunguzi zinabeba habari nyingine kabisa. Mwanafunzi mwenye haraka ya mtihani hafiki kwenye mjadala huo.

Hata hivyo, Klaeber hakuficha mkono wake: herufi hizo mbili alizifunga ndani ya mabano ili msomaji azione. Na kuna kazi yake nyingine ambayo, kwangu mimi, ina uzito kuliko toleo lenyewe. Wataalamu wengi kabla yake waliukatakata utenzi, wakisema sehemu hii ni ya wapagani wa kale na ile imechomekwa na mtawa. Katika makala alizotoa 1911 na 1912, Klaeber alionyesha kwamba fikra za Kikristo zimeenea katika utenzi mzima, kiasi kwamba ukizing'oa unauharibu. Aliyefunga mjadala hakuwa yeye. Waliofunga mjadala ni walimu waliomfanya msahafu.

Uzee wake unathibitisha hilo. Alirudi Berlin, akatoa toleo la tatu mwaka 1936, kisha mabomu ya vita yakateketeza maktaba yake. Aliishia katika mji mdogo wa Bad Kösen, Ujerumani, mgonjwa na fukara, na bado chapa ya mwaka 1950 ilitoka na nyongeza zake mpya. Alifariki 1954. Mzee wa zaidi ya miaka 80 anayeendelea kuirekebisha kazi yake hakuamini kwamba imekamilika.

Mwaka 2008 wataalamu R. D. Fulk, Robert Bjork na John Niles walitoa toleo la nne, wakapitia upya matini na utangulizi, lakini jina la Klaeber wakaliacha kwenye jalada. Heshima hiyo anaistahili. Mimi ningeongeza sharti moja darasani: mwanafunzi apewe picha ya ukurasa wa kwanza wa mswada kabla ya kukabidhiwa kitabu.