Kwizi za mtandaoni: mchezaji anachagua nini hasa?

Wanaolalamikia kwizi za mtandaoni, kwamba huficha matangazo na ubaguzi, huonekana watu wasiojua kucheza. Mtu kajibu maswali manane, kaambiwa anafaa kuishi Paris, kacheka, kawatumia rafiki zake. Kosa liko wapi? Tovuti ya BuzzFeed ya Marekani ilipotoa kwizi ya aina hiyo mwaka 2014, mamilioni waliifungua na hakuna aliyeshikiwa fimbo. Tena fedha za wadhamini ndizo zinazomwezesha msomaji kucheza bure. Hoja hizi si za kubezwa.

Ila walalamikaji hawapingi mchezo. Wanatazama pale mchezaji asipotazama, yaani kwenye orodha ya matokeo. Wewe unachagua rangi, mnyama, mahali pa kupumzika. Matokeo yalikwisha pangwa kabla hujafika. Chukua kwizi ya "wewe ni kinywaji gani" iliyolipiwa na kampuni ya vinywaji: matokeo sita, yote bidhaa zake. Jibu upendavyo, chupa ni yake. Tangazo la kawaida humwambia mtu anunue. Hili linamwambia "hiki ndicho wewe", kisha yeye mwenyewe analisambaza kwa jina lake, bila malipo.

Ubaguzi nao hupitia mlango huohuo. Swali: nywele zako zikoje? Nyoofu, za mawimbi, au umezipaka rangi? Mwenye nywele za kipilipili abofye wapi? Akibahatisha, anaambiwa anafanana na msichana mweupe wa tamthilia fulani. Watetezi husema mtunzi wa kwizi hakuchagua wahusika wa tamthilia. Sawa, lakini swali la nywele alilitunga nani?

Wapo wanaosema matokeo hayana uzito kwa kuwa hakuna anayeyaamini. Hapa nina shaka kubwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake jaribio la haiba, kisha kila mmoja akapewa maelezo "yake". Maelezo yalikuwa yaleyale kwa wote, sehemu kubwa yametolewa kwenye kitabu cha unajimu. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Mtu anaweza kusema hiyo inathibitisha kwamba matokeo yoyote humfaa yeyote, basi hakuna anayeachwa nje. Kwa maneno matupu, labda. Picha ya mhusika iliyo juu ya maneno hayo kwenye kadi ya matokeo haina ulegevu huo. Na kwa mdhamini hii ni neema tupu: sifa zozote nzuri atakazobandika kwenye bidhaa yake, mchezaji atajiona ndani yake.

Sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kisiasa, ambamo takriban watu 270,000 walijibu kwizi kwenye Facebook na taarifa za hadi watu milioni 87, wakiwemo marafiki zao, zikachukuliwa, lilitufundisha kuogopa kinachochukuliwa. Kinachoingizwa kichwani tumekiacha kipite.

Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa mwongozo Desemba 2015: alama ya tangazo iandamane na tangazo hata linaposambazwa. Kwa kwizi, maana yake neno "tangazo" liandikwe kwenye kadi ya matokeo yenyewe, si kwenye ukurasa wa mwanzo tu, kwa herufi ndogo. Wachapishaji husema hilo litapunguza mibofyo. Huenda. Itakuwa ni mibofyo ya wale ambao, wangejua, wasingebofya.