Magma ilitoka wapi, mwalimu?

Binti ya dada yangu alinionyesha karatasi yake ya mtihani wa Jiografia wikendi iliyopita, na tangu hapo sijatulia. Swali lilikuwa fupi: "Eleza jinsi graniti hutokea." Mtoto akaandika kwamba safu ya milima inapojengwa, ganda la dunia hukunjwa na kurundikana hadi likawa nene, sehemu ya chini ikapata joto ikaanza kuyeyuka, na kilichoyeyuka kikapanda kikagandia ndani ya mlima. Mwalimu akapiga mkasi kwa wino mwekundu, kisha akaandika pembeni: "Magma ikipoa polepole chini ya ardhi." Sufuri.

"Lakini mjomba, si wewe uliyeniambia hivyo?"

Ni mimi. Kwa hiyo kesi hii ni yangu.

Kabla hamjaniambia nawaonea walimu, najua hali ilivyo. Darasa limefurika, karatasi ni rundo, mwongozo wa kusahihisha umeletwa ukiwa umeshaandikwa. Na jibu la mwalimu si uongo. Zile chembe kubwa unazoziona kwenye kaunta za jikoni za kila nyumba mpya ya Kilimani zilikua kubwa kwa sababu zilipoa taratibu, kilomita kadhaa chini. Haya, nimekubali. Lakini mtoto aliulizwa graniti hutokeaje, na ukimjibu "magma", yaani mwamba ulioyeyuka, umesogeza swali hatua moja nyuma, ukakunja mikono. Hiyo magma ilitoka wapi?

Sisi wa Nairobi tuna kisingizio kidogo, maana tumelala juu ya lava. Kazi yangu ni kutafuta maji ya visima, na ukichimba Karen au Embakasi unakutana na volkano juu ya volkano: trakaiti, majivu yaliyoshikana yakawa mwamba, fonoliti. Hata mawe ya Ndarugo tunayojengea ni zao la volkano. Mtu aliyekulia hapa akisikia magma anawaza bahari ya moto iliyojaa chini ya miguu yetu, ikisubiri ufa wa kupandia. Bahari hiyo haipo. Mantili, lile tabaka lililo chini ya ganda la dunia, karibu lote ni mwamba mgumu. Likiyeyuka kidogo, linatoa basalti, nyeusi na nzito, yenye silika (kemikali kuu ya mchanga) karibu asilimia 50. Graniti ina takriban asilimia 70. Hukamui graniti moja kwa moja kutoka kwenye mantili, hata upige magoti.

Sasa twende Machakos. Pita Athi River, vuka uwanda wa Kapiti na fonoliti yake ya takriban miaka milioni 13 (kwetu sisi hiyo ni ya juzi), uendelee hadi vilima vianze na lava iishe. Tafuta mahali barabara ilipokatwa ndani ya mwamba, uegeshe gari vizuri, malori ya pale hayana huruma. Sogea mpaka pua ikaribie jiwe. Utaona mistari ya kijivu iliyojikunja na kujipinda, na kati yake mishipa myeupe au ya waridi, upana wa kidole, ya kwatzi na felspa, madini makuu ya graniti. Halafu tazama ukingo wa mshipa. Kuna utepe mwembamba mweusi wa mika unaometameta jua likiupiga. Huo utepe ndio shahidi wangu wa kwanza. Mwamba ulipopata joto haukuyeyuka wote kwa mpigo. Ni kama nyama choma, mafuta hutangulia kudondoka na nyama ikabaki juu ya wavu. Madini yanayowahi kuyeyuka yalijitenga yakakusanyika kwenye mshipa mweupe, na mika nyeusi ikaachwa pembeni. Mwamba wa namna hiyo tunauita migmataiti. Pima kemikali za ule mshipa mweupe na utapata graniti, iliyoshikwa ikiwa bado inatoka kwenye mwamba uliouzaa. Hakuna volkano hapo. Hakuna shimo la kwenda kuzimu.

Na mwamba uliouzaa ulikuwa nini? Mara nyingi, tope na mchanga. Marumaru za Kajiado, ambazo ziko kwenye ukanda uo huo, zilikuwa chokaa ya baharini. Bahari ilikuwapo, ikafungwa, na mabara yakagongana, takriban kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita. Mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes ndiye aliyeuita ukanda huo Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951, baada ya kuijua Msumbiji akiwa kijana mwaka 1911, alipokwenda kutafuta madini akarudi na malaria. Milima iliyoinuka wakati huo wataalamu huilinganisha na Himalaya. Imeliwa na mvua na upepo yote, na mwamba unaoitesa mitambo yetu Kitui ni mizizi yake, iliyokuwa makumi ya kilomita chini.

Kama hutaki mlima uliokufa, chukua ulio hai. India iligonga Asia takriban miaka milioni 50 iliyopita, na ganda chini ya Tibet sasa lina unene wa kilomita 70 hivi, karibu maradufu ya kawaida. Ganda likirundikana hivyo, joto halipandi siku hiyo hiyo. Uraniamu, thoriamu na potasiamu zilizomo ndani ya miamba hutoa joto lao kidogo kidogo, na blanketi lote lile la mawe huzuia lisitoke. Huchukua mamilioni ya miaka. Mwishowe mika huanza kuvunjika na kuachilia maji yaliyofungwa ndani yake, na mwamba wenye maji huyeyuka kwa joto dogo kuliko mkavu. Ndiyo maana kilele cha Makalu, mita 8,485, mlima wa tano kwa urefu duniani, ni graniti nyeupe ya miaka milioni 20 na ushei, yenye mika nyeupe na tomalini, madini ambayo tope lililopikwa hupenda kuyaacha. Hesabu mwenyewe muda uliopita kati ya mgongano na graniti hiyo. Halafu urudi kwenye jibu la yule mtoto aliyepata sufuri.

Bado kuna zirkoni. Hii ni chembe ndogo mno, ndogo kuliko punje ya chumvi, na huwezi kuiharibu kirahisi. Inapokua hujifungia uraniamu ndani, na uraniamu hiyo hugeuka kuwa madini ya risasi kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo umri wake unapimika. Sasa ikate katikati uitazame kwa darubini ya elektroni: kwenye graniti za namna hii mara nyingi utaona pete, na ukizipima utakuta za nje zina umri wa graniti, na kiini kina umri mkubwa zaidi, mara nyingine kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Kiini hicho kilikuwa punje ya mchanga kwenye mwamba wa zamani. Mwamba uliyeyuka, zirkoni ikakataa, ikabebwa ndani ya magma, ikavikwa pete mpya. Hiyo ni kumbukumbu ya uzazi, haifutiki, na hamna mwongozo wa kusahihisha unaoweza kuipinga.

Najua mtaniletea Andes. Haya, Andes: huko hakuna bara lililogonga bara, ni sakafu ya bahari inayoingia chini ya Amerika Kusini na kupeleka maji kwenye mantili, na magma ya mantili ina mkono mkubwa katika graniti za pale. Wanajiolojia Chappell na White walionyesha mwaka 1974, kwa graniti za Australia, kwamba zipo zilizozaliwa na tope na zipo zilizozaliwa na miamba iliyowahi kuwa magma. Sikusema zote ni tope. Nimesema mtoto hakustahili mkasi.

Na wa Seme msianze. Kit Mikayi, yale mawe makubwa yenu karibu na Kisumu, ni graniti ya kizee, zaidi ya miaka bilioni 2, ina habari zake.

Kinachonikera hasa ni jinsi jibu la mstari mmoja linavyofuta ugomvi wa karne mbili. Mwanajiolojia Werner, kule Ujerumani, alifundisha kwamba graniti ilitulia kutoka kwenye maji ya bahari ya kwanza. Mwaka 1785 mwanajiolojia Mskoti Hutton akaenda Glen Tilt, Scotland, akakuta mishipa ya graniti imepenya ndani ya miamba mingine, akashangilia hadi waliomwongoza wakadhani ameona dhahabu au fedha. Ukadhani yameisha? Katikati ya karne ya 20 wakagawanyika tena, wengine wakishikilia kwamba graniti ni mwamba uliogeuzwa pale pale ukiwa mgumu, bila kuyeyuka. Doris Reynolds, mke wa huyo huyo Holmes, alikuwa nguzo ya upande huo. Watafiti Tuttle na Bowen ndio waliopunguza makelele mwaka 1958, walipoonyesha maabarani kwamba kwatzi na felspa vikiwekwa pamoja na maji chini ya shinikizo huyeyuka kwa nyuzi za Selsiasi chini ya 700, joto ambalo mizizi ya mlima hulifikia bila taabu.

Tena, hata hilo "ikipoa polepole" lenyewe lina kasoro. Wengi tunachora dimbwi moja kubwa la magma linalopoa lote kwa pamoja. Graniti za Tuolumne, ndani ya Yosemite kule Marekani, zilipimwa kwa zirkoni na matokeo yakachapishwa mwaka 2004: sehemu zake zina umri wa kuanzia miaka milioni 95 hadi milioni 85. Dimbwi moja haliwezi kukaa miaka milioni 10 bila kuganda. Zililetwa kwa mafungu, moja likishikana kabla lingine halijafika, na wanaobishana leo wanabishania ni kiasi gani kilikuwa kimiminika kwa wakati mmoja. Binti ameniuliza kama aandike hilo kwenye mtihani wa mwisho wa muhula. Nimemwambia aandike "magma ikipoa polepole", achukue alama zake, halafu agonge mlango wa chumba cha walimu na amuulize mwalimu swali moja tu, kwa heshima zote.